Sura ya Tano: Kupitia Uingereza Kwenda Ujerumani

Mwanafunzi wangu mmoja, binti aliyekuwa akijiandaa kwenda Ujerumani kusomea uuguzi, aliniletea insha fupi yenye sentensi hii: "Ich habe meiner Mutter einen Buchstaben geschrieben." Sarufi ilikuwa safi. "Meiner Mutter" imekaa mahali pake, kitenzi kimefunga sentensi kama kinavyotakiwa, hata mwisho wa "einen" hauna kasoro. Ila sentensi ilisema kwamba amemwandikia mama yake herufi moja.

Nilimwomba anioneshe kamusi. Alikuwa amefikiria barua, akakumbuka kwamba kwa Kiingereza ni "letter", akafungua upande wa Kiingereza wa kamusi yake ya Kijerumani na Kiingereza, akachukua neno la kwanza aliloliona. La kwanza lilikuwa "Buchstabe", herufi. Mstari mmoja chini yake lilikuwepo "Brief", barua. Na kabla ya kila neno palikuwa na mabano yenye maneno mawili matatu ya kueleza lipi ni la alfabeti na lipi ni la kutumwa posta. Hakuyasoma.

Kilichoniuma ni kwamba Kiswahili chake kilikuwa kimekwisha kumaliza kazi. Mswahili hachanganyi barua na herufi, na Mjerumani hachanganyi "Brief" na "Buchstabe". Lugha zote mbili zina maneno mawili kwa vitu viwili. Kosa liliingia njiani, pale yule binti alipopita kwenye lugha ya tatu ambayo vitu hivyo viwili vina jina moja. Tangu siku hiyo nimekuwa nikikusanya mifano ya aina hiyo na haiishi. Mechi na kiberiti kwa Mwingereza ni "match", lakini Mjerumani ana "Spiel" na "Streichholz". Haki na mkono wa kulia ni "right", Mjerumani ana "Recht" na "rechts". Chemchemi ya maji na springi ya kitanda ni "spring", Mjerumani ana "Quelle" na "Feder". Wewe na ninyi ni "you", naye Mjerumani ana "du" na "ihr", na juu yake "Sie" ya heshima, ambayo mtu aliyelelewa kwa shikamoo hahitaji kuelezwa mara mbili kwa nini ipo.

Kwa hiyo sura hii haihusu kamusi ya Kijerumani na Kiingereza kama anavyoitumia mtu wa Manchester. Inahusu kamusi hiyo ikiwa mikononi mwa mtu anayewaza kwa Kiswahili, ambaye kila neno analipitisha kwenye nyumba ya jirani kabla halijamfikia.

Kwa nini tupite huko? Kwa sababu kamusi za moja kwa moja kati ya lugha zetu hizi mbili ni chache, na nyingi zilitungwa kwa ajili ya Mjerumani anayejifunza Kiswahili. Ile ya Hildegard Höftmann na Irmtraud Herms iliyotoka Leipzig mwaka 1979 ni kazi nzuri sana, lakini inaanzia Kiswahili kwenda Kijerumani, na atakayeipata kwenye duka la vitabu la Dar es Salaam au Nairobi ashukuru. Na njia hii ya kupitia Kiingereza ni ya zamani kuliko tunavyodhani, ila iliwahi kupitwa kwa upande mwingine. Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844 na kukaa Rabai, aliandika kamusi kubwa ya Kiswahili iliyochapishwa London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Maelezo yake yote ni ya Kiingereza. Mjerumani alikifikisha Kiswahili kwa wasomaji kupitia Kiingereza. Sasa sisi tunakifuata Kijerumani kwa njia ileile.

Sasa tuingie dukani.

Kosa la kwanza la mnunuzi ni kutazama unene. Jalada litajisifu kwa namba kubwa, lakini namba hiyo mara nyingi huhesabu vidahizo, misemo na tafsiri zote kwa pamoja. Konrad Duden alipotoa kamusi yake ya tahajia ya Kijerumani mwaka 1880, ilikuwa na maneno yapatayo 27,000, nayo iliwatosha walimu na wapiga chapa wa enzi yake. Toleo la 28 la Duden, la mwaka 2020, lina maneno 148,000. Orodha ya maneno ya mtihani wa Goethe ngazi ya A1 ni kama maneno 650, na ya B1 kama 2,400. Anayeanza hana haja ya kubeba tofali. Anahitaji kamusi ya wastani inayosema mengi juu ya kila neno, badala ya ile kubwa inayosema kidogo juu ya maneno elfu mia.

La pili ni kutouliza kamusi ilitungwa kwa ajili ya nani. Kamusi nyingi za bei nafuu zinazotoka Ujerumani zilitungiwa wanafunzi Wajerumani wanaojifunza Kiingereza. Zitakupa matamshi ya kila neno la Kiingereza, lakini wingi wa nomino za Kijerumani huachwa, maana mtoto wa Hamburg anaujua tangu yuko mgongoni mwa mama. Fungua neno "Buch", kitabu. Usipoona mahali popote kwamba wingi wake ni "Bücher", irudishe rafuni.

La tatu ni umri wa kitabu, na hapa wauzaji wa vitabu vya mtumba wametuumiza bila kujua. Tahajia ya Kijerumani ilibadilishwa kwa makubaliano ya mwaka 1996, yakaanza kutumika rasmi tarehe 1 Agosti 1998, yakarekebishwa tena mwaka 2006. Kiunganishi "daß" kikawa "dass". "Schiffahrt", usafiri wa majini, ikawa "Schifffahrt" yenye f tatu mfululizo, na si kosa la mpiga chapa. Herufi ß haikufa, imebaki baada ya irabu ndefu kama kwenye "Straße" na "Fuß", ila Waswisi hawaitumii kabisa. Ukiwa kwenye kibanda cha vitabu tafuta "dass". Ukikuta "daß" peke yake, unashika kitabu cha kabla ya mabadiliko. Kitakusaidia kusoma riwaya za zamani, lakini usikiandikie mtihani. Tafuta pia "Handy", ambalo kwa Mjerumani ni simu ya mkononi. Ikikosekana, kamusi ni ya enzi za simu za waya.

Kwa majina: Langenscheidt ni nyumba iliyoanzishwa Berlin mwaka 1856 na Gustav Langenscheidt, na vitabu vyake vya njano vyenye herufi L vinajulikana hata kwa wasiosoma Kijerumani. Kamusi ya Collins ilitoka mara ya kwanza mwaka 1980. Oxford-Duden, iliyotungwa na taasisi za nchi mbili kwa ushirikiano, ilitoka mwaka 1990. Kwa mtu wa Kiswahili mimi huipendelea hii ya mwisho kwa sababu moja ndogo: mbele ya nomino huandika "der", "die" au "das" kwa ukamilifu. Collins huweka m, f na nt, Langenscheidt m, f na n. Tofauti inaonekana haina uzito, lakini jicho linaloona "der" kila siku hukariri "der". Jicho linaloona m hukariri m, na hakuna Mjerumani anayesema m.

Hapa ndipo Kiswahili kinapotufaa kuliko Kiingereza, na sijui kwa nini walimu hatusemi hivyo darasani. Mwingereza anapoambiwa kwamba meza ni "der Tisch" na taa ni "die Lampe", anahisi anaonewa, kwa kuwa lugha yake haina habari hizo. Sisi tumekua na ngeli. Tunajua kwamba mti haujakamilika bila miti, na kwamba kila neno linaburuta mkia wa upatanisho. Fungua Kamusi ya Kiswahili Sanifu: mbele ya nomino utakuta wingi wake na ngeli yake. Kamusi ya Kijerumani inafanya vilevile. Ukiona "Buch nt -(e)s, ¨-er", kistari cha kwanza ni mwisho wa umilikishi, "des Buches", cha pili ni wingi, na nukta mbili juu yake zinakuambia kwamba u inageuka ü: "Bücher". Nakili vyote vitatu, jinsi, umoja na wingi, kama ambavyo hungemfundisha mgeni "kiti" bila "viti".

Watu huniuliza kwa nini msichana ni "das Mädchen", wakati "das" ni ya jinsi isiyo ya kike wala ya kiume. Jibu liko kwenye mkia: kila neno la kudogosha linaloishia na "-chen" ni "das", awe msichana, awe mbwa mdogo. Sisi tumechagua kinyume. Kipofu ana umbo la ki- lakini tunasema kipofu anakuja, kwa kuwa ni mtu. Kwetu utu umeshinda umbo, kwao umbo limeshinda utu. Ukiliona hivyo, "das Mädchen" halikusumbui tena.

Wingi hutumika pia kutenganisha maana. "Bank" ni benki, na "Bank" hiyohiyo ni benchi, zote "die". Ila benki nyingi ni "Banken" na mabenchi ni "Bänke". Kamusi nzuri itaziweka kama vidahizo viwili, kila kimoja na wingi wake. Utafutapo neno lenye nukta mbili juu ya irabu, usiende mwisho wa alfabeti: kwenye kamusi ä hupangwa na a, ö na o, ü na u. "Österreich", Austria, iko kwenye O.

Vitenzi vinataka subira zaidi. Chukua ujumbe mfupi wa kawaida: "Ich rufe dich morgen früh an." Mwanafunzi anatafuta "rufe", anafika "rufen", anakuta kuita au kupaza sauti. Anatafuta "morgen", anakuta kesho, lakini "Morgen" yenye herufi kubwa ni asubuhi, kwa hiyo anababaika kidogo. "Früh" ni mapema, na "morgen früh" kwa pamoja ni kesho asubuhi. Mwishoni anakutana na "an", anaitafuta, anapata kwenye, kando ya, na mengine kumi. Anabaki na mtu atakayemwita kesho asubuhi kando ya kitu kisichotajwa.

Dawa ni kuichukua ile "an" ya mwisho na kuirudisha mbele ya kitenzi: "anrufen", kupiga simu. Nitakupigia simu kesho asubuhi. Mswahili hapaswi kuiogopa kazi hii. Akikutana na "hatukupigiwa" hatafuti chini ya herufi h, anavua kiambishi kimoja kimoja mpaka abaki na "piga". Kwa Kijerumani wakati mwingine unavua, kama "gegangen" inavyokurudisha kwenye "gehen", na wakati mwingine unaunga kilichokatwa. Kwenye "angerufen" unafanya yote mawili, maana "ge" imejificha katikati. Oxford-Duden huonesha mahali pa kukata kwa kistari cha wima, "an|rufen", Collins huandika "sep". Usiruke alama hiyo. "Umfahren" ukiikazia mwanzo, yenye kukatika, ni kumgonga mtu kwa gari mpaka aanguke. Ukiikazia katikati, isiyokatika, ni kumzunguka na kumkwepa. "Ich fahre den Mann um" na "ich umfahre den Mann" zina herufi zilezile, na mtu yuleyule: katika moja yuko chini, katika nyingine amesimama salama.

Tazama pia vifupisho "jdn" na "jdm". Cha kwanza kinasema kitenzi kinamchukua mtu kama "dich", cha pili kama "dir". Kiingereza hakitakuonesha tofauti hiyo, na mara hii Kiswahili nacho kinaweza kukupoteza. Sisi tunasema nampigia, kwa kauli ya kutendea, kwa hiyo mdomo unataka kusema "ich rufe dir an". Kamusi inasema "jdn anrufen". Basi ni "ich rufe dich an", hata kama sikio la Kiswahili linapinga. Kusaidia ni "jdm helfen", kwa hiyo "ich helfe dir". Hakuna njia ya kulibuni hilo kichwani.

Kisha kuna maneno marefu ambayo mengi hayamo kwenye kamusi. "Krankenversicherungskarte" inamtisha mtu mpaka atakapojua inasomwa kutoka wapi. Anza mkiani: "Karte", kadi. Rudi nyuma: "Versicherung", bima. Rudi tena: "Kranken", wagonjwa. Kadi ya bima ya wagonjwa, yaani kadi ya bima ya afya. Kiswahili huanza na kichwa cha jambo na kuongeza "ya" na "ya" kwenda kulia. Mjerumani huweka kichwa mwisho na kuongeza kwenda kushoto. Neno la mwisho ndilo linaloamua jinsi, na kwa kuwa ni "die Karte", mzigo wote ni "die". Ile s kati ya "Versicherung" na "Karte" ni gundi tu, usiitafutie maana. "Aufenthaltserlaubnis", karatasi ambayo kila mgeni Ujerumani ataijua kwa jina, hufunguka vilevile: "Erlaubnis", kibali, cha "Aufenthalt", kukaa.

Siku hizi wengi hawashiki tena karatasi, na siwalaumu. LEO, iliyozaliwa kwenye chuo kikuu cha ufundi cha München, na dict.cc zinafunguka kwenye simu ya bei yoyote, na Linguee, iliyoanza mwaka 2009, inakuonesha neno likiwa ndani ya sentensi zilizokwisha kutafsiriwa na watu. Sentensi hizo zina faida kubwa. Hatari ya simu ni kasi yake. Kamusi ya karatasi inakulazimisha kupita kwenye mabano ili kulifikia neno, simu inakurushia orodha ya maneno ishirini na kidole kinagusa la juu. Kwa hiyo hata kwenye simu ninawafundisha wanafunzi kwenda na kurudi: umetafuta "letter", umepata "Buchstabe"? Liandike "Buchstabe" upande wa pili uone linakurudisha wapi. Likirudi na habari za alfabeti, umekosea mlango. Sekunde kumi zinatosha. Ukishapata uhakika, andika daftarini Kijerumani na Kiswahili tu: "der Brief, die Briefe", barua. Kiingereza kimemaliza kazi yake, kisipewe safu. Na ukifika B1 anza kutembelea kamusi wahidiya iliyotungwa kwa wageni, kama ile kubwa ya Langenscheidt iliyotoka mwaka 1993, ambayo hueleza Kijerumani kwa Kijerumani chepesi.

Nimeliacha mwisho neno dogo lenye herufi nne, "doch", kwa sababu kwa wauguzi wetu linaweza kuwa zito kuliko yote. Ukimuuliza Mswahili, "Hujanywa dawa?" naye akajibu "Ndiyo", tunaelewa hajanywa, amekubaliana na swali lako. Tukiyapeleka mazoea hayo Ujerumani tunaingia matatani. Kule swali la kukanusha, "Haben Sie die Tablette nicht genommen?", linajibiwa "nein" kama hajanywa, na "doch" kama amekunywa. Kiingereza hakina neno moja la kubeba "doch" hii, kwa hiyo kamusi hutoa "yes" na kuendelea na safari. Msomaji mwenye haraka anachukua "yes", analisikia kama ndiyo yetu, na sasa yuko wodini usiku, kidonge mkononi, mbele ya mzee aliyemjibu "doch".

Soma tena kidahizo hicho taratibu. Kabla ya "yes" kuna mabano, na ndani yake imeandikwa kwamba ni jibu la kupinga swali au kauli ya kukanusha. Mzee anasema ameshameza. Kidonge kirudi kwenye trei.